Kiswahili Uwanjani na Bungeni: Kenya Katika Mwaka 1974

Utangulizi

Katika historia ya Kiswahili nchini Kenya mwaka 1974 hutajwa kwa jambo moja: ndio mwaka Rais Jomo Kenyatta alipoamuru kwamba Bunge liendeshe shughuli zake kwa Kiswahili. Katika historia ya michezo mwaka huo huo hutajwa kwa mambo mengine: medali za Christchurch, ushindi wa Joginder Singh katika mashindano ya magari, ngumi za Stephen Muchoki. Wanaoandika juu ya Bunge hawataji uwanja, na wanaoandika juu ya uwanja hawana haja na Bunge. Makala haya yanakusudia kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu katika mwaka ule lugha moja ilikuwa ikifanya kazi katika pande zote mbili, lakini kwa masharti tofauti. Uwanjani na redioni ilikuwa na kazi kamili. Bungeni ilipewa nusu ya kazi, kisha ikalaumiwa kwa kutoifanya nzima.

Lawama hiyo ndiyo hasa inayochunguzwa hapa. Katiba ilipobadilishwa tena mwaka 1979 na Kiingereza kurudishwa Bungeni sawa na Kiswahili, sababu iliyozoea kutolewa ilikuwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mambo mazito ya sheria na fedha. Tukio la 1974, likitazamwa kwa makini, halithibitishi dai hilo. Linathibitisha jambo jingine: kwamba msamiati hukomaa pale ambapo lugha imepewa mamlaka ya kuamua, wala si pale ilipopewa ruhusa ya kusemwa tu.

Mwanzo wa Mwaka: Shule na Christchurch

Mwaka ulianza kwa jambo kubwa katika maisha ya raia. Kwa kufuata tangazo la Rais la Desemba 1973, karo ya darasa la kwanza hadi la nne iliondolewa, na shule za msingi zikafurika. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 1.8 mwaka 1973 hadi zaidi ya milioni 2.7 mwaka 1974. Watoto walikaa sakafuni, walimu wasiosomea kazi wakaajiriwa kwa haraka, na wazazi wakaanza kutozwa michango ya majengo iliyochukua nafasi ya karo ile iliyoondolewa. Kwa mwanafunzi wa lugha, linalofaa kukumbukwa ni kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wakati huo haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Mtoto aliweza kusoma miaka saba na kuingia shule ya upili bila ya kuulizwa swali moja la lugha ambayo wakubwa wake walikuwa karibu kuamriwa kuizungumza Bungeni.

Shule zilipokuwa zikihangaika na wingi huo, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Christchurch, New Zealand, kuanzia tarehe 24 Januari hadi 2 Februari. Kwa Kenya ilikuwa michezo ya fahari. Ben Jipcho, askari wa magereza, alishinda mbio za mita 5,000 na mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. John Kipkurgat alishinda mita 800, na Mike Boit akawa wa pili nyuma yake. Charles Asati alishinda mita 400, na timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne ikapata dhahabu. Katika ndondi, Stephen Muchoki alishinda uzito mwepesi kabisa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alipata medali ya fedha katika mashindano ya dunia huko Havana.

Hata hivyo, mbio zilizokumbukwa kuliko zote katika michezo ile hazikushindwa na Mkenya. Siku ya mwisho, katika mita 1,500, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na hivyo akaivunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili, Jipcho wa tatu. Kwa Jipcho umbali huo ulikuwa na historia yake. Mwaka 1968 huko Mexico ndiye aliyekimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili kumchosha Ryun na kumfungulia njia Kipchoge Keino, naye Keino akashinda. Sasa kasi ya mwanzo ilikuwa ya kijana wa nchi jirani, na aliyeianzisha ndiye aliyeimaliza.

Kenya na Tanzania zilikuwa bado pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika mwaka 1977. Habari za Bayi na za Jipcho zilifika Dar es Salaam na Nairobi, na katika miji yote miwili zilisimuliwa kwa Kiswahili na kueleweka kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji amri ya serikali ili iwe hivyo.

Lugha ya Uwanja

Sauti ya Kenya wakati huo ilikuwa na Idhaa ya Taifa iliyotangaza kwa Kiswahili, mbali na idhaa ya Kiingereza na matangazo ya lugha nyinginezo za nchi. Idhaa ya Taifa ndiyo iliyoupeleka mpira mashambani. Jina la Leonard Mambo Mbotela lilijulikana hata na watu ambao hawakupata kukanyaga uwanja wowote wa Nairobi. Msikilizaji wa Busia na wa Voi, ambao nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake, walifuata pasi moja kwa maneno yale yale.

Jambo hili lina uzito zaidi likikumbukwa hali ya vilabu vyenyewe. Vilabu viwili vikubwa vya kandanda, Gor Mahia na Abaluhya, vilikuwa na mashabiki waliofuata kabila, na majina yake yalilitangaza jambo hilo waziwazi. Klabu ya Abaluhya haikuitwa AFC Leopards mpaka mwaka 1980, baada ya serikali kutaka majina ya kikabila yaondolewe katika vyama. Uwanja basi haukuwa mahali ambapo ukabila ulisahauliwa. Lakini mabishano yenyewe, ya nani kafunga na nani kaonewa na mwamuzi, yaliendeshwa kwa lugha ambayo haikuwa ya upande wowote. Kiswahili kiliwapa wapinzani mahali pa kupinzania.

Msamiati wa kandanda uliozoeleka katika Kiswahili unastahili kutazamwa na wanaisimu kwa namna ulivyojengwa. Sehemu moja ni maneno ya mkopo yaliyovishwa sauti za Kiswahili: goli, refa, beki, winga, kona, penalti. Sehemu nyingine ni maneno ya asili yaliyopanuliwa maana. Mchezaji wa kati huitwa kiungo, kwa kuwa huunganisha ulinzi na mashambulizi kama vile kiungo cha mwili kinavyounganisha mifupa. Mchezaji aliyetangulia mbele ya walinzi kinyume cha sheria husemwa kuwa ameotea, kwa kitenzi ambacho tangu zamani humaanisha kuvizia, kama mwindaji anavyoiotea windo lake. Mara nyingi neno la asili na la mkopo huishi pamoja bila ugomvi: mwamuzi na refa, mlinda mlango na golikipa, bao na goli. Riadha ilifanya vivyo hivyo. Jina lenyewe latoka Kiarabu, rekodi yatoka Kiingereza, na kuruka viunzi na maji ni maelezo ya Kiswahili safi ya mbio ambazo wenyeji wa Kiingereza huziita kwa jina ambalo halielezi chochote kwa asiyezijua.

Zaidi ya hayo, ulimwengu ulikuwa tayari umeazima neno kutoka upande huu. Mashindano ya magari ya Pasaka, yaliyoanza mwaka 1953, yalijulikana kote kwa jina la Safari, na mwaka 1974 yalishindwa na Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, akiendesha gari la Mitsubishi Colt Lancer. Mkenya mwenye asili ya Punjabi, gari la Japani, na jina la Kiswahili: ndivyo taifa lilivyojitokeza mbele ya dunia katika mwezi wa Aprili.

Linalofaa kushikwa katika sehemu hii ni namna maana ya istilahi za mchezo ilivyokuwa ikithibitishwa. Maana ya kuotea haikuthibitishwa na kamusi, bali na kipenga. Kila mechi mwamuzi alisimamisha mchezo, mtangazaji akalitaja neno, na maelfu ya wasikilizaji wakajifunza mpaka wake: lini mchezaji ameotea na lini hakuotea. Neno na uamuzi vilikwenda pamoja. Kwa hiyo neno ambalo hapo kwanza lilikuwa la mwindaji likawa istilahi kamili, yenye masharti yanayoweza kubishaniwa na kukatwa.

Tangazo la Julai

Tangazo la tarehe 4 Julai 1974 halikuzuka ghafla. Mwaka 1970 chama cha KANU kilikuwa kimekata shauri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa na kienezwe kwa hatua katika shughuli za serikali, na mpango huo uliutaja 1974 kuwa mwaka wa kukamilisha. Miaka minne ilipita bila ya mengi kutendeka. Rais alipotangaza kwamba tangu hapo Bunge litazungumza Kiswahili, aliwashitua wengi kwa sababu hakutoa muda wa kujiandaa. Katiba ya wakati huo ilitaja Kiingereza kuwa lugha ya Bunge, na ikabidi irekebishwe mwaka huo huo ili amri iwe sheria.

Kisiasa hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini, miaka kumi na mmoja baada ya Uhuru, wawakilishi wa wananchi walijadiliana kwa lugha ambayo wengi wa wananchi hao hawakuielewa. Tanzania ilikuwa tayari imeonyesha kwamba Bunge laweza kuendeshwa kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa huko mwaka 1967 lilikuwa likishughulikia istilahi. Maneno kama hoja, kifungu na marekebisho hayakuhitaji kubuniwa upya Nairobi.

Matokeo yake ya kwanza yalikuwa ya kijamii kuliko ya kisheria. Daraja za ufasaha ndani ya Bunge zilipinduka. Msomi aliyezoea kutawala mjadala kwa Kiingereza alijikuta akitafuta maneno, na mbunge wa pwani au yule aliyelelewa katika mitaa ya mji akawa na nguvu ambayo hakuwa nayo. Kwa asiyewahi kukitumia Kiswahili isipokuwa kwa kuagiza kazi za nyumbani, amri ile ilikuwa adhabu. Hapo palionekana jambo ambalo wengi hawakupenda kulikiri: kwamba baadhi ya viongozi walikijua Kiswahili kama lugha ya kuwaamuru watu, si kama lugha ya kushauriana nao.

Uchaguzi na Bunge la Tatu

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 14 Oktoba. Rais hakuwa na mpinzani, lakini katika viti vya Bunge ushindani ulikuwa mkali, na zaidi ya nusu ya wabunge waliokuwapo walishindwa. Dakta Njoroge Mungai, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alipoteza kiti cha Dagoretti kwa Dakta Johnstone Muthiora. Kutoka Eldoret Kaskazini aliingia Chelagat Mutai, mwanamke kijana aliyetoka Chuo Kikuu si muda mrefu. Bunge la Tatu lilianza basi likiwa na sura nyingi mpya, na lilikuwa la kwanza kuingia kazini Kiswahili kikiwa ndicho lugha yake kwa mujibu wa Katiba.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kubadilisha lugha kulileta uhuru wa kusema. Josiah Mwangi Kariuki, aliyerudi Bungeni katika uchaguzi ule, aliuawa mwezi Machi 1975. Mwezi Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini kwa sababu ya maneno yaliyosemwa katika mjadala. Lugha ya mjadala ilikuwa imekaribia kwa wananchi. Mipaka ya mjadala ilikuwa bado mikononi mwa wengine. Mtafiti wa sera ya lugha hana budi kuyatenga mambo haya mawili, asije akaihesabia lugha sifa au hatia isiyokuwa yake.

Kusema na Kuandika

Udhaifu mkubwa wa mageuzi ya 1974 ulikuwa hapa: yaliyabadilisha mazungumzo bila kuyabadilisha maandishi. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa tena, na ikawekwa wazi kwamba miswada, sheria na maazimio ya fedha viandikwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo mbunge alipewa karatasi ya Kiingereza akatakiwa aijadili kwa Kiswahili, na mwisho wa mjadala uamuzi ukarudi katika karatasi ile ile. Kila msemaji aligeuka mfasiri wake mwenyewe, papo kwa papo, bila msaada na bila ya mfasiri mmoja kulazimika kukubaliana na mwingine.

Mfano mmoja watosha. Neno dhamana katika Kiswahili hubeba maana kadhaa: kile kinachomtoa mshtakiwa rumande, kile anachoweka mkopaji ili apewe mkopo, na lile jukumu alilokabidhiwa mtu wa cheo. Kiingereza cha sheria kina neno mbalimbali kwa kila moja. Neno hati nalo laweza kuwa cheti, mkataba, au karatasi ya kumiliki shamba. Wapinzani wa Kiswahili walipoonyesha mifano ya namna hii walidhani wamethibitisha umaskini wa lugha. Lakini maneno ya Kiingereza cha sheria nayo hayakuzaliwa yakiwa na maana finyu. Yalifinywa na sheria zilizoyafafanua na mahakama zilizoyakatia shauri kwa mamia ya miaka, kama vile kipenga kilivyolifinya neno kuotea. Kama sheria moja ingaliandikwa kwa Kiswahili, ikatoa kifungu cha ufafanuzi kinachosema dhamana katika sheria hii ni jambo fulani, na hakimu akahukumu kwa kifungu hicho, neno lingalianza safari hiyo hiyo. Halikupewa nafasi.

Huenda ikasemwa kwamba mlinganisho huu wa uwanja na Bunge hauko sawa, kwa kuwa mtangazaji akikosea neno hakuna anayepoteza shamba. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi. Sheria inadai usahihi ambao matangazo ya mpira hayaudai, na haraka ya Julai 1974, bila ya wafasiri wa sheria na bila ya kamusi ya sheria, haikuwa njia ya kuupata. Lakini pingamizi hilo linataka maandalizi. Halitaki Kiswahili kiachwe. Tanzania yenyewe, ambayo Bunge lake lilikuwa likijadili kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, iliendelea kuwa na sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza, na haikukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mpaka ilipotunga sheria mwaka 2021. Ngome ya mwisho ya Kiingereza katika nchi zote mbili haikuwa mdomo wa mbunge. Ilikuwa kalamu ya mwandishi wa sheria.

Mwaka 1979 Kenya iliruhusu lugha zote mbili Bungeni. Kwa kuwa karatasi zilikuwa za Kiingereza, mjadala uliifuata karatasi. Hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa, na halikuhitaji kuelezwa kwa upungufu wa maneno. Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, miaka kumi na mmoja baada ya amri ya Bunge. Katiba ya 2010 ilikitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mpangilio wa hatua hizo ni kinyume cha ule ambao ungalifaa: wabunge waliamriwa kwanza, watoto wakafundishwa baadaye, na waandishi wa sheria wakaachwa mwisho.

Hitimisho

Katika mwaka 1974 Kenya ilikuwa na Kiswahili cha namna mbili. Kimoja kilikuzwa na redio, kandanda na riadha. Kilikopa bila aibu, kikapanua maneno yake ya zamani, na kikapata usahihi kwa sababu kila siku kulikuwa na uamuzi uliokitegemea. Kingine kiliingizwa Bungeni kwa amri ya siku moja, kikapewa heshima zote za lugha ya taifa isipokuwa ile ya kuandika sheria. Kufanikiwa kwa cha kwanza na kusuasua kwa cha pili hakutokani na tofauti ya lugha, kwa maana lugha ni ile ile, na mara nyingine wasemaji ni wale wale: mbunge aliyeshindwa kukisema kifungu cha mswada siku ya Alhamisi aliweza kubishana barabara juu ya bao la kuotea siku ya Jumapili.

Kwa wanaoshughulikia istilahi, funzo la mwaka ule ni la kazi. Orodha za maneno, hata ziwe nzuri namna gani, hazitoshi kuifanya lugha iwe ya sheria. Panahitajika sheria iliyoandikwa kwa lugha hiyo, mtu aliyeitegemea sheria hiyo kudai haki yake, na hakimu aliyelazimika kusema neno lina maana gani. Mpaka hapo, Kiswahili Bungeni kitaendelea kuwa lugha ya kuyasifu maamuzi yaliyokwisha kuandikwa kwa lugha nyingine.